Kisigino Changu na Harusi ya Apua

Jumatatu, 4 Agosti

Nimesoma mita sitini na mbili za maji leo, kutoka sokoni mpaka karibu na mto. Jua la Lodwar halina adabu.

Kisigino cha kulia bado. Hatua ya kwanza nikishuka kitandani ni kama kukanyaga mwiba wa mgunga, tofauti ni kwamba huu uko ndani na hauna mahali pa kuushika. Nikitembea dakika kumi unalegea. Nikikaa kunywa chai unarudi. Huu ni mwezi wa pili. Sijamwambia mtu. Msoma mita za maji akianza kuchechemea, kesho yake wanamweka mezani apokee simu za wateja. Mimi na wateja tutapigana.

Akala zangu za tairi safi. Miguu niliipaka mafuta asubuhi ikang'aa. Hilo siachi hata nikiwa mgonjwa. Mwanaume wa miaka hamsini na tatu mwenye miguu iliyopauka anaonekana kama mtu aliyefukuzwa kwake.

Jioni nimeiba tena ile chupa ya mke wangu, Mama Apua, kwenye friji. Huwa anaijaza maji na kuigandisha kila siku, sijui ya kazi gani, pengine ya kwenda nayo kwaya. Naiweka sakafuni, naiviringisha kwa unyayo dakika kumi na tano mpaka mguu ufe ganzi, naifuta, naijaza, nairudisha mahali pake. Wiki tatu sasa na hajagundua. Akili ninayo.

Jumatano, 6 Agosti

Apua amenikuta nje nikirekebisha kamba ya akala. Huyu ndiye binti yetu wa pekee, mwalimu wa chekechea hapa mjini. Anaolewa tarehe thelathini, Kakuma, na kijana wa mzee Lokwang. Amesema hataki ule msururu wa wasichana na wavulana waliovaa sare wakicheza kutoka mlangoni mpaka kwenye hema. Anataka kitu kimoja tu. Niingie kwenye edonga niruke, kama nilivyokuwa nikiruka yeye akiwa mabegani mwangu.

Nikakubali kabla hajamaliza.

Kisha nikakaa pale na kamba mkononi. Edonga si ngoma ya kutikisa mabega. Unaingia katikati ya duara, mikono juu kama pembe za ng'ombe wako, unaimba sifa zake, unaruka wima na kutua kwa kishindo. Unatua kwa visigino.

Nimejiletea balaa.

Jumamosi, 9 Agosti

Kakuma, kupanga harusi. Wazee wa kwetu sita, wa kwao kama kumi na wawili. Nyama imeliwa.

Lokwang hajabadilika. Tuliruka pamoja tukiwa vijana na mpaka leo anadai aliniacha chini kila mara. Uongo mtupu. Leo, mbele ya watu wote, akatangaza kwamba Baba Apua sasa ni mtu wa ofisi, siku ya harusi atawekewa kiti cha plastiki na soda baridi, atazame. Watu wakacheka. Damu ikanipanda. Nikasimama nikamwambia kiti hicho akalie mwenyewe, kwa sababu mimi nitaruka mpaka yeye aombe maji. Makofi. Nikarudi kukaa na kisigino kikanipiga mpaka gotini.

Kwa hiyo nimemwahidi mtoto, na sasa nimewaahidi wazee kumi na wanane. Mdomo huu.

Baadaye nikawaambia naenda kununua dawa ya mbu. Nikaingia upande wa kambi ya wakimbizi, nikizunguka tu kwa hasira. Karibu na kinyozi mmoja kuna Mkongo amekaa kwenye kigoda, mbele yake foleni ya wachezaji wa mpira, kila mmoja mguu juu. Anawafunga plasta. Mchezaji mmoja alifika akichechemea, akaondoka akikimbia. Nikasimama kwenye foleni kama mtu anayengoja kunyolewa.

Anaitwa Papa Dieudonné. Alinitazama nikipiga hatua tatu kumfikia akasema, "Papa, usinidanganye, iko kisigino." Akabonyeza kwa kidole gumba, ndani kidogo ya kisigino, na nikatamka maneno ambayo siyaandiki hapa. Akasema huo si mwiba. Ni ule mshipa mpana wa chini ya unyayo, unaotoka kisiginoni mpaka kwenye vidole. Umevutwa ukachoka. Akazitazama akala zangu kama mtu anayetazama nyoka.

Akanifunga. Yeye anaita plasta sparadra. Dakika tano. Nilisimama nikangoja maumivu. Yalikuja madogo, kama mtu anayebisha hodi na kuondoka. Nilitembea mpaka barabarani na kurudi. Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia.

Nimemwapisha asimwambie mtu. Amesema mguu wa mtu ni siri ya mtu, na kwamba hapa Kakuma anatunza siri za wazee wengi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamka. Hatua ya kwanza, hakuna mwiba. Nimekanyaga tena kuhakikisha. Nimetabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Kabla ya kanisa nikaoga, nikapaka miguu mafuta vizuri, nikapaka na juu ya plasta ili isionekane kavu. Kwenye mahubiri nikahisi kitu kinateleza. Wimbo wa sadaka ulipofika, plasta yote ilikuwa imevuka kisigino na kukusanyika chini ya vidole. Nimekwenda kutoa sadaka nikitembea kama bata. Mama Apua ameniuliza kama nimebanwa na tumbo. Nimesema ndiyo. Amenipikia uji wa chumvi na nimelazimika kuumaliza.

Jumanne, 12 Agosti

Plasta pana ya kahawia, ile ya kunata haswa, ipo kwenye duka moja tu la dawa hapa mjini. Nimechukua roli mbili. Nimejifungia stoo ya ofisi saa ya chakula nikajaribu mwenyewe.

Nimeharibu. Nilikaa kwenye ndoo mguu ukining'inia, nikazungusha na kuvuta kwa nguvu zote, maana niliona nguvu ndiyo dawa. Niliposimama, unyayo ukajikunja kama mkono wa mtu anayeomba. Vidole vikawa vyeupe. Mimi, vidole vyeupe. Nikang'oa yote kwa mara moja na nusu ya nywele za kifundo zikaenda nayo.

Zimebaki siku kumi na nane.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo nimejaribu ile plasta ya kufungia katoni. Sitaki kuizungumzia.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimerudi Kakuma. Nyumbani nimesema naenda kukagua hema. Mama Apua amesema hema ni la upande wa bwana harusi, mimi nakagua nini. Nimesema nakagua hewa, kama inapita.

Papa Dieudonné ameangalia kazi yangu, yaani alama nilizojiachia mguuni, akacheka mpaka kinyozi akaja kuona. Kisha akanifundisha taratibu, akanifanya nimfunge yeye, halafu nijifunge, mara nne. Naandika yote nisije nikasahau.

Mguu usafishwe kwa sabuni, ukaushwe kabisa. Hata kati ya vidole. Mafuta hapana. Siku ya kufunga, tangu asubuhi, tone la mafuta lisiguse mguu. Plasta na mafuta haziketi pamoja.

Ngozi ya kisigino ikiwa imepasuka mpaka damu, ngoja ipone kwanza.

Kaa, unyayo usimame wima kama umekanyaga ukuta. Usiuache uning'inie. Hapa ndipo nilipokosea.

Kipande cha kwanza: kinaanzia chini ya kidole kidogo, kinapita ukingo wa nje, kinazunguka nyuma ya kisigino, kinarudi kwa ndani mpaka chini ya kidole gumba. Huo ndio uzio. Kisha vipande vifupi chini ya unyayo, kutoka nje kwenda ndani, vikipandisha lile bonde la mguu. Kila kimoja kikalie nusu ya mwenzake kama mabati. Kisha kimoja kinatoka kidole gumba, kinakata chini, kinazunguka kisigino, kinarudi pale pale. Mwisho kingine cha kuzunguka, kufunika ncha zote.

Usivute. Hili amelirudia mpaka nikaudhika. Plasta inashika, haikamati mwizi. Ukimaliza bonyeza kidole, uachie, rangi irudi upesi. Ikiwasha au ikifa ganzi, toa.

Akaongeza mambo mawili. Chupa ya barafu niendelee nayo, ni nzuri sana, akaniuliza nani alinifundisha. Nikasema nilijifundisha mwenyewe, nilikuta chupa kwenye friji siku moja mguu ukiwaka moto. La pili, akala hizi nizifungie kabatini. Raba zenye soli nene, hata ndani ya nyumba.

Nimevaa akala tangu nijue kutembea. Nimemwambia nitafikiria.

Jumatatu, 18 Agosti

Raba. Nyeupe. Nimepita sokoni na watu watatu wameniuliza kama nimejiunga na timu.

Lakini nimesoma mita hamsini na nane na nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 20 Agosti

Shida sasa ni miguu kupauka. Siku tano bila mafuta. Juu ya plasta, kuanzia kifundo, ngozi imekuwa ya kijivu kama jiko lililozimwa. Naogopa hata kutazama. Mteja mmoja, mama mzee, amenisalimia ejok, akatazama chini, akaniuliza taratibu kama nyumbani kuna amani.

Mama Apua amenunua kopo jipya la mafuta akaliweka juu ya mto wangu. Nimelisogeza.

Apua yeye hakuuliza chochote. Anapita tu anatabasamu. Harusi imempanda kichwani.

Jumamosi, 23 Agosti

Mazoezi. Nimeshuka mtoni asubuhi, mahali mchanga ni mlaini na hakuna watu. Nimejifunga plasta mwenyewe, kazi safi, Papa Dieudonné angejivunia.

Kuruka kwa kwanza, woga. Kwa pili, kidogo. Kwa tano nikainua mikono nikaanza kuimba ule wimbo wa ng'ombe wangu mwekundu mwenye pembe zilizokutana juu. Alikufa ukame ule mkubwa, wimbo umebaki. Sauti ilitoka. Nimeruka mara kumi na tisa na kisigino kikanyamaza. Mbuzi wa watu walisimama kunitazama. Nimewaonyesha nyingine tano.

Mara ya mwisho kuruka, Apua alikuwa na miaka saba akisema juu zaidi, Baba, juu zaidi, ananishika masikio. Nilisimama pale mtoni nikalia kidogo. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 26 Agosti

Kimeuma asubuhi. Nilizidisha jana kazini, nikabeba na ngazi. Nimetukana kisigino, nimetukana ngazi, nimemtukana Lokwang ambaye hakuhusika.

Chupa dakika ishirini. Bahati nzuri ilikuwepo, imeganda vizuri, na nimekuta ya pili nyuma yake. Mama Apua siku hizi anagandisha mbili. Anakunywa sana maji.

Kesho napumzika. Nimeomba ruhusa ya harusi mapema.

Alhamisi, 28 Agosti

Bora leo. Dada yangu Nakiru amefika kutoka Namoruputh na mabegi mawili na kibuyu. Ndiye mkubwa wetu, ndiye ameshika nafasi ya mama. Amenikumbatia, akarudi nyuma hatua moja, akaitazama miguu yangu. Nilikuwa nimetoka kuoga, sina soksi. Akaniuliza mbele ya mke wangu huwa nalishwa nini.

Mama Apua amekasirika. Sasa nina kesi mbili na harusi moja.

Ijumaa, 29 Agosti

Tumelala Kakuma, nyumba ya mjomba. Jioni nimepitia hema. Lokwang alikuwa pale akipanga viti. Akanionyesha kimoja, cheupe, akasema hiki ni chako. Ila nilimwona akiinuka alishika nguzo kwanza. Nimeliandika hilo mahali.

Roli mbili za plasta ziko kwenye mfuko wa koti. Sabuni. Taulo dogo. Raba nimezisafisha kwa mswaki. Roho inanidunda kama ya bwana harusi.

Jumamosi, 30 Agosti

Naandika jioni hii hii, kabla mambo hayajaanza kupangwa upya kichwani.

Nimeamka mapema, nimeosha, nimekausha, nimefunga. Kazi nzuri kuliko zote. Soksi, raba. Nikatoka nikiwa mfalme.

Nikamkuta Nakiru mlangoni na kibuyu. Mafuta ya kondoo. Ni desturi ya nyumba yetu tangu zamani, binti akitolewa, mkubwa wa familia anawapaka mafuta wazazi wake miguuni, ili njia anayoiendea iwe laini. Alipotolewa Nakiru mwenyewe, bibi alimpaka baba. Niliona kwa macho yangu. Mwezi mzima nimejiandikia humu hakuna mafuta, nikakimbia kopo la mke wangu, na desturi ya kwetu nikaisahau kabisa.

Nikasema dada, nimeshapaka. Akacheka. Akasema mtoto hatolewi baba yake akiwa na soksi. Akapiga magoti. Mwanamke wa miaka sitini na tano amekupigia magoti, unamwambia nini? Nikavua.

Akaona plasta. Akauliza hii ni nini. Hapo ningesema ukweli na yote yangekwisha. Nikasema ni kidonda.

Maskini Nakiru. Aliposikia kidonda alimimina karibu nusu ya kibuyu. Akasugua kwa huruma, akiomba, akisukuma mafuta chini ya kila ncha ya plasta ili yafike kwenye kidonda. Nilisimama pale nikitazama kazi yangu ikifa. Raba akazichukua akaziweka pembeni, akasema leo nitembee kwa miguu yenye baraka.

Kanisani sikumbuki chochote ila Apua. Alikuwa mzuri mno.

Kisha hema. Na nani ameketi mstari wa pili, shati la kitenge, sahani ya pilau mapajani? Papa Dieudonné. Nikamnong'oneza nani amekualika. Akasema baba ya bwana harusi, ni mutu wake. Nikaona kifo. Nilidhani Lokwang anajua yote na amemleta kuniaibisha.

Duara likafunga. Makofi yakaanza, yale ya pamoja yanayoingia kifuani. Wanawake wakaita. Lokwang akaingia, akaruka mara mbili, akaninyooshea mkono. Apua alikuwa mbele kabisa na gauni lake, macho kwangu.

Nikaingia. Nikainua mikono. Nikaimba ng'ombe wangu mwekundu, na wazee waliomjua wakaitikia. Kuruka kwa kwanza kuzuri. Kwa pili kuzuri. Kwa tatu nikahisi plasta inahama. Kwa nne ikatoka, yote, ndefu, imenata mchanga, ikanifuata nyuma kama mkia. Kwa tano Lokwang aliikanyaga.

Nilikaa chini kwa kishindo katikati ya harusi ya binti yangu.

Makofi yakasimama. Mtu mmoja akacheka, akanyamaza. Nilitaka mchanga unimeze. Nikamtazama Apua nikasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mama, kisigino ni kibovu. Ni kibovu tangu Juni. Nilitaka kukurukia tu."

Alikusanya gauni akaja akakaa mchangani. Lokwang akanitazama, akatazama mkia wangu, kisha polepole akapandisha suruali. Magoti yote mawili yamefungwa. Plasta ile ile ya kahawia, mpangilio ule ule wa mabati. Akasema, "Mkwe, mimi mwaka wa pili. Wewe ulidhani kile kiti nilikuwekea wewe?"

Hema zima lilicheka, na mimi nikacheka mpaka nikaumwa mbavu.

Papa Dieudonné akaja anafuta mikono, anasema wazee wa hapa ni watu wa kiburi, wangeambiana mapema angewafunga pamoja, foleni moja. Akagusa mguu wangu, akaunusa mkono wake, akaniuliza iyi mafuta ilitoka wapi. Nakiru alikuwa amesimama juu yetu amejishika kichwa. Nikamwambia dada, hakikuwa kidonda. Akanipiga bega kwa nguvu. Kisha akakimbia jikoni akarudi na majivu kwenye sufuria. Hayo aliyajua, majivu hula mafuta. Wakanisugua kwa majivu, wakaniosha kwa sabuni, na Apua akanikausha kwa ncha ya gauni lake jeupe, hata kati ya vidole. Mama Apua akalia kuhusu gauni. Apua akasema gauni ni lake.

Wakati nikifungwa, Apua alishika vidole vyangu akavisimamisha wima, kama nimekanyaga ukuta. Nilishangaa. Hakuna aliyemwambia ashike hivyo.

Tuliruka. Mimi na Lokwang, bega kwa bega, yeye akiimba dume lake jeusi na mimi mwekundu wangu. Kwenda juu hatukwenda sana. Kijikaratasi kingepita chini, kitabu kisingepita. Lakini tulitua pamoja na watu wakatua nasi, na Apua aliingia katikati yetu viatu mkononi, akaruka, akaniita nikiwa hewani. Juu zaidi, Baba.

Lokwang ndiye aliyeomba maji. Wazee ni mashahidi.

Jumapili, 31 Agosti

Tumerudi Lodwar. Nimelala mchana wote.

Jumanne, 2 Septemba

Nimetoa plasta leo. Kuing'oa kavu ni kujiadhibu. Nimetumia mafuta ya Nakiru, alituachia yaliyobaki. Unapaka kwenye ncha, unangoja, inaachia yenyewe bila kuondoka na nywele. Kisha nikapaka miguu yote mpaka magotini. Imeng'aa.

Hatua ya kwanza asubuhi, maumivu kidogo, ya kuvumilika. Raba ziko kando ya kitanda. Akala ziko kabatini, nimezipa ruhusa ya Krismasi.

Nyumba kimya. Mlango wa chumba cha Apua uko wazi na kitanda kimetandikwa.

Zile chupa mbili nilizibeba Kakuma zikabaki huko, kwa hiyo jioni nikaenda kwenye friji kuchukua nyingine. Hakuna. Nikatazama nyuma, nikatazama chini. Hakuna. Nikamwita Mama Apua, nikakiri kila kitu, kwamba mimi ndiye nimekuwa nikichukua maji yake ya baridi tangu katikati ya Julai, na kwamba naomba aendelee tu kuyagandisha.

Akasema yeye meno yake hayawezi maji ya baridi, hajagandisha chupa hata moja maisha yake yote.

Akarudi kwenye kufuma.

Nimekwenda nikasimama kwenye mlango wa chumba cha Apua. Kisha nimetafuta chupa tupu, nimeijaza, nikaacha vidole viwili juu kama alivyokuwa akiacha isije ikapasuka. Nimeiweka mahali pale pale.

Mguu hauumi sana leo. Nimeigandisha tu.